Kapasita Iliyotoboa Kifuniko

Ijumaa, mwezi wa kumi. Jua kali, vumbi, na upepo unaofunga madirisha bila kuombwa. Mawingu yalikuja asubuhi juu ya Kitui, yakatuangalia, yakaenda zao. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa mwili.

Nilipanga leo iwe siku fupi. Bodi ya vipuri vya umeme niliyokuwa nikiichora ilikuwa tayari, au nilidhani hivyo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuikagua mara ya mwisho kwenye kompyuta, kumtumia Nzioki faili, na kurudi kwa televisheni za watu zinazoninunia kwenye rafu. Nzioki nilisoma naye chuo. Yuko Machakos, na huwa anakusanya michoro ya mafundi wadogo kama mimi, anaiweka pamoja na kuiagiza kiwandani kama mzigo mmoja, kwa sababu fundi anayetaka bodi mbili tatu peke yake hakuna kiwanda kitakachomsikiliza. Mzigo wa leo unafungwa jioni. Unaofuata utangoja mpaka upatikane umati mwingine, na hapo unaweza kukaa hata miezi miwili.

Mimi naweza kungoja. Mama mkwe hawezi.

Mama mkwe yuko Kibwezi, karibu na mto. Mumewe alifariki kabla sijaoa, naye ameishi kwa pilipili na bamia anazouzia watu wa malori ya sokoni. Maji anayavuta kwa pampu ya sola kutoka kwa kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto. Kiangazi kikikaza, maji ya kisima yanashuka, pampu inaanza kuvuta hewa, na pampu inayovuta hewa inajipika yenyewe. Ya kwanza iliungua hivyo kiangazi kilichopita. Bamia zikakauka zikiwa na maua. Mama akarudi kwa punda na mitungi, na umri wake si wa mitungi. Watoto wake walijinyima wakampatia pampu nyingine, na kila mmoja anajua kwamba ya tatu haitakuwepo.

Ndipo nikajitolea kumuundia kifaa cha kuilinda. Ni kitu rahisi: nyaya mbili zinaingia kisimani, zikikosa maji bodi inajua, inaizima pampu kabla haijaungua. Vifaa kama hivyo vinauzwa tayari madukani. Sikutaka kununua. Mkwe ambaye ni fundi wa elektroniki anunue kitu cha elektroniki, halafu watu waseme nini? Nakiri kwamba kiburi kilichangia, na ndicho kilichonifikisha hapa.

Basi, asubuhi nilifungua mradi. Hii ni kompyuta mpya kwangu. Ile ya zamani ilikufa kioo, na kazi zangu nilizihamisha kwa flashi. Mchoro wa nyaya ulifunguka vizuri. Nikabonyeza niione bodi kwa umbo lake halisi, ile sura ambayo unaweza kuigeuzageuza kwenye skrini kama umeishika mkononi.

Ilitokea uchi.

Ubao wa kijani, mashimo, na duara za shaba tupu. Rilei, ile swichi ya kuizima pampu, haipo. Viunganishi vya skrubu havipo. Kapasita kubwa, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, haipo. Chini kulikuwa na orodha ndefu ya malalamiko mekundu, kila kipuri na msiba wake: faili la modeli halikupatikana.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kidogo. Kila kipuri kwenye bodi kina mambo mawili. Kuna nyayo zake, yaani mahali miguu yake itakapochomelewa, na hizo zinakaa ndani ya mchoro. Halafu kuna modeli, faili la umbo lake: urefu, upana, kimo. Modeli haikai ndani ya mchoro. Mchoro unabeba anwani tu ya mahali ilipo. Ukihama nyumba bila kubadilisha anwani, mgeni atabisha mlango wa zamani mpaka achoke. Programu yangu ilikuwa inabisha kwa kompyuta iliyokufa, ikitafuta folda yenye jina nililolitumia zamani, kwenye diski ambayo sasa iko ndani ya droo ya mabati.

Mtu anaweza kusema, kwani shida ni nini? Bodi itatengenezwa hata bila modeli. Kiwanda kinahitaji shaba na mashimo, picha hakihitaji. Ni kweli. Nusu ya akili yangu iliniambia hivyo hivyo, itume tu, ukanywe chai. Lakini bodi hii inaingia ndani ya boksi ambalo tayari limefungwa ukutani Kibwezi, boksi la plastiki lililokuja na pampu. Bila modeli huwezi kujua kama kitu kirefu kitagonga kifuniko. Nikaketi.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu, ugumu haina. Kwanza niligundua kwamba nilipoweka programu kwenye kompyuta hii niliacha kuchukua mzigo wa modeli, kwa sababu ni mkubwa na mtandao wa hapa unatembea kwa magoti. Nikaanza kuuteremsha. Wakati unateremka, nikabadilisha namna anwani zinavyoandikwa. Badala ya kila kipuri kutaja njia nzima kuanzia mlangoni, unaweka jina moja fupi kwenye mipangilio ya programu, unaliambia jina hilo linamaanisha folda fulani, halafu vipuri vyote vinataja jina hilo. Siku ukihama, unabadilisha mahali pamoja. Nilikuwa nikiwafundisha wengine jambo hili na mwenyewe silifanyi. Mganga hajigangi.

Mzigo ulipofika, vipuri vingi vikarudi mara moja. Rezista zikarudi, vidude vya kuzuia umeme kurudi nyuma vikarudi. Rilei ilikataa, maana faili lake la zamani lilikuwa la aina ambayo toleo jipya limeacha kutumia. Nikaielekeza kwa modeli mpya. Viunganishi vya skrubu vikaja vimegeuka, midomo ikitazama ndani ya bodi, kana kwamba waya utapita katikati ya vipuri kuvifuata. Nikavizungusha. Kisha zile modeli nilizozihitaji nikazinakili ndani ya folda ya mradi wenyewe, mlango kwa mlango na mchoro, zisipotee tena.

Ikabaki kapasita.

Hiyo haina modeli popote duniani, nadhani. Niliing'oa kwenye inveta mbovu iliyoletwa dukani na mtu ambaye hakurudi. Ni nzima, ni imara, na ni ndefu kuliko wenzake. Niliichukua kwenye kopo la vipuri, nikaipima kwa kalipa, nikachora mcheduara wa kimo na unene huo huo, nikauweka juu ya nyayo zake. Nikajiona hodari. Kisha nikaita modeli ya boksi, ambayo nilikuwa nimeichora mwenyewe, nikaiweka bodi ndani, nikafunga kifuniko.

Kapasita ilitoka juu ya kifuniko.

Haikutoka sana. Kama ukucha wa kidole kidogo. Lakini plastiki haikubaliani na ukucha. Tangu mwanzo bodi yangu ilikuwa haiingii, na kabla modeli hazijarudi nilikuwa naiona inaingia vizuri sana, kwa sababu ilikuwa haina kitu juu yake.

Dawa ya kapasita ndefu ni kuilaza ubavu. Nikaanza kuitafutia nafasi. Katikati ya kuitafutia, swali baya likanijia. Hili boksi lenyewe nililochora, vipimo vyake nilivipata wapi?

Hapo lazima nieleze jambo lingine, na hili halina uhusiano na kompyuta.

Sisi Wakamba tuna nthoni. Ni haya na heshima kati ya mtu na wakwe zake, na kali zaidi ni ya mwanamume na mama mkwe. Siku hizi wengi wameiacha. Wapo vijana wa mjini wanaokula meza moja na mama wakwe zao na kupiga picha wamekumbatiana. Kwetu bado ipo. Sili mbele ya mama. Siketi alipo. Simtazami usoni, na tukikutana njiani mmoja wetu atapata sababu ya kuchunguza mbuzi wa jirani. Tangu nimuoe Mwikali, binti yake, kila neno kati yangu na mama limepita kwa Mwikali. Akitaka kunisalimia, anamwambia Mwikali. Nikitaka kumshukuru kwa kuku, namwambia Mwikali. Sijawahi kuona kuna ubaya. Ni heshima, na mimi nampenda mama yule kwa mbali, jinsi inavyopaswa.

Basi siku tuliyoenda kupima boksi, mama alikuwa ndani ya kibanda cha pampu akifagia. Mimi ningeingiaje? Nikampa Mwikali tepu, nikabaki kwenye ua nimewapa mgongo. Mwikali ni mwalimu wa Historia. Alipima urefu, upana na kina, akaniandikia vizuri kwa mwandiko wa ubaoni. Nikashukuru. Wala sikumwomba afungue kifuniko.

Hakufungua. Leo nimekumbuka vile alivyotoka haraka. Alipima nje. Mimi nikatoa unene wa ukuta kwa kukisia, nikaita hayo vipimo vya ndani.

Nikampigia Mwikali. Simu imezimwa. Yuko Mwingi akisimamia mitihani ya kitaifa, na wasimamizi huwa wanaacha simu ofisini mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Nikajaribu tena, kana kwamba serikali ingebadilisha sheria kwa ajili yangu. Nikampigia shemeji yangu, kaka yake Mwikali. Yuko Mombasa, hajafika nyumbani tangu Pasaka. Nikamuuliza Nzioki kama anaweza kunisubiri hadi kesho. Akasema, "Musyoka, mimi nakusubiri, lakini hawa wengine wataniua."

Ilikuwa saa ya chakula. Nilikaa nikitazama jina la mama kwenye simu. Nililihifadhi miaka iliyopita kwa dharura, na halijawahi kuguswa.

Nilifikiria kulaza kapasita tu, kutuma, na kuomba Mungu. Nimefanya kazi nyingi namna hiyo. Lakini nikaona bamia zilizokauka na maua yake. Nikapiga. Niliposikia inaita, nikasimama, sijui kwa nini. Dukani hakukuwa na mtu wa kuniona.

"Halo?"

"Ni mimi, mama. Musyoka. Wa Mwikali."

Nilisikia kuku.

"Mwikali amekuwa nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepanda juu.

Nilisikia aibu ikinishuka hadi miguuni. Kwa kweli, mkwe wako ambaye hajawahi kukupigia akikupigia mchana, utafikiria nini kingine isipokuwa maiti?

"Mwikali ako sawa, mama. Ako sawa kabisa. Ako Mwingi na mitihani, simu imezimwa."

Alivuta pumzi. Akashukuru Mungu polepole, mara mbili. Kisha akaningoja.

Jambo nililoliona baadaye ni kwamba hakuongea Kikamba. Mama anaongea Kiswahili cha sokoni na wanunuzi tu, nyumbani ni Kikamba kitupu. Leo alishika Kiswahili kuanzia mwanzo, nami nikamfuata. Nadhani kilitusaidia. Kilikuwa kama meza ya ofisi iliyowekwa katikati yetu, kila mtu upande wake.

"Ni ile boksi ya pampu," nikasema. "Nataka kujua ndani iko na kina gani."

"Mwikali si alipima?"

"Alipima nje, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa ua."

"Eeh," akasema. "Niliona mgongo."

Sikujua kama nicheke. Sikucheka. Lakini baada ya hapo nikaweza kupumua.

Nikamwelekeza. Kwanza nikamwonyesha kwa maneno ile swichi ya kuukata umeme wa paneli, ya rangi nyekundu ubavuni mwa ukuta, aishushe kabla ya kugusa chochote. Alisita. Fundi aliyefunga pampu alimwambia asiguse kitu chochote ndani ya kibanda, akasema ni vya mafundi. Nikamwambia mimi ni fundi na nimemruhusu. Akaishusha. Kisha avunje kijiti cha ufagio, akisimamishe ndani ya boksi, afunge kifuniko. Kama hakifungi, apunguze kijiti kidogo kidogo mpaka kifunge. Halafu apime kijiti.

Alienda nyumbani kutafuta tepu yake ya cherehani. Akarudi. Akaenda tena kutafuta miwani. Muda wote huo hakukata simu, nikawa nasafiri naye shambani ndani ya pindo la leso yake, nikisikia nyayo na mbuzi. Kijiti cha kwanza kilikuwa kirefu. Cha pili alikikata kikawa kifupi mno, akakitupa akijilaumu. Cha tatu kikakaa.

"Nne, na vijistari tatu," akasoma. "Lakini ngoja. Hiyo ni hapa katikati. Kwa kifuniko kuna kitu kama ukuta kidogo inashuka. Pembeni hakuna. Nipime na pembeni?"

"Pima mama, tafadhali."

Pembeni ilikuwa tano kamili. Nikaandika zote mbili kwenye kiganja, kwa haraka, kalamu ikinichoma. Huo ukuta mdogo ulikuwa ubavu wa plastiki wa kukaza kifuniko, na rilei yangu niliiweka katikati kabisa, chini yake. Ningelaza kapasita, ningetuma, ningejipongeza, halafu rilei ingegonga.

Nikamshukuru. Nilitegemea atakata simu. Hakukata.

"Hiyo kitu unatengeneza," akasema, "itajua maji ikiisha?"

"Itajua, mama. Itazima yenyewe."

"Ni vizuri. Ile ya kwanza nilisikia ikibadilisha sauti. Nilikuwa kwa pilipili. Ilianza kulia kama mtu anakunywa chai moto. Nikajua hii si sauti yake. Nikapigia Mwikali, ako darasani, imezimwa. Nikapiga tena. Namba yako niko nayo, Mwikali aliniandikia kwa mlango wa kabati. Nikaisoma yote. Nikasema, sasa mimi nitampigia mkwe nimwambie nini? Nikangojea Mwikali." Akakohoa. "Iliungua nikiwa nimeshika simu."

Nilisema, "Pole, mama." Akasema, "Tushapoa." Kisha akasema amerudisha ile swichi juu, pampu imeshika, na simu ikakatika, sijui kama aliikata yeye au ni mtandao.

Nilikaa chini.

Kiangazi kizima nimekuwa nikieleza watu jinsi pampu ile ilivyoungua. Nina mchoro wake. Maji yanashuka, hewa inaingia, joto linapanda. Nilikuwa nikisema tatizo ni kwamba hakukuwa na kitu cha kutambua kisima kimekauka. Kumbe kilikuwepo. Alikuwepo mtu mzima mwenye masikio, amesimama mbele ya namba yangu na simu mkononi, na mimi nilikuwa hapa dukani na simu yenye chaji. Neno lililohitajika lilikuwa moja, "zima", na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuliomba wala kulitoa.

Siandiki haya kuitukana nthoni. Nililelewa nayo, na nimeona nyumba ambazo mkwe na mama mkwe wanatukanana mbele ya watoto; afadhali yetu. Lakini nilihuzunika, na bado nina huzuni. Nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu na sijampata. Mama alinistahi. Nami nilimstahi. Tulistahiana mpaka bamia zikakauka.

Kazi iliyobaki niliifanya bila furaha lakini vizuri. Nilirekebisha modeli ya boksi, nikaweka na ule ubavu wa kifuniko. Kapasita nikailaza ubavu, nikaifunga kwa kamba ya plastiki ili isitikisike. Rilei nikaihamishia pembeni kwenye kina. Hapo nyaya za shaba zikavurugika, nikazichora upya upande mzima. Nikaita boksi, nikafunga kifuniko, nikaigeuza bodi kwenye skrini chini juu, mbele nyuma. Hakuna kilichogusa. Nikatuma. Nzioki akajibu kwa kidole gumba, akaongeza kwamba niliponea.

Mwikali alipiga alipotoka, akiwa na wasiwasi kwa sababu ya simu nilizompigia. Nikamwambia ni vipimo vya boksi, vimepatikana.

"Nani amepima?"

"Mama."

"Mama yako amefika Kibwezi?"

"Mama yako."

"Mliongea?" akauliza. "Nyinyi wawili?"

Nikamwambia tuliongea. Nikamweleza pia kuhusu ile pampu ya kwanza. Hakuwa anajua. Mama hakuwahi kumwambia, labda ili Mwikali asijione mkosaji kwa kuwa darasani. Mwikali alilia kidogo, akiwa kwenye lango la shule ya watu, akaniambia nisimwambie mama kwamba amelia. Nikacheka. Baada ya miaka yote ya kutupitishia maneno, sasa ananiomba nimfichie siri kwa mama yake.

Hapo ningefunga laptopu na kumaliza shajara ya leo. Lakini kabla sijafunga duka, jua likiwa bado limekaa juu ya mapaa ya sokoni, simu iliita. Lilikuwa lile jina.

Nikasimama tena. Safari hii mteja mmoja alikuwepo, akaniangalia.

Hakusema halo. Hakutaja Mwikali. Aliongea Kikamba, haraka haraka, kama anavyoongea na watu wake. "Imeanza ile sauti," akasema.

Niliisikia. Nyuma ya maneno yake pampu ilikuwa ikifyonza na kukoroma.

"Zima, mama. Ile nyekundu ya leo. Zima sasa."

Nilisikia nyayo zake. Nilisikia mlango wa kibanda. Kisha pampu ikanyamaza, na kukawa na kuku peke yao, na pumzi yake.

"Nimeizima," akasema.

"Umeigusa? Ina joto?"

"Ina joto kidogo. Kama sufuria imetoka kwa moto kitambo."

"Basi iko salama, mama. Iache mpaka kesho, maji yapande. Kesho uvute kidogo kidogo, na ukisikia tena, unazima."

"Na nikiwa sijaelewa?"

"Unanipigia."

Akasema ni sawa. Nami nikasema ni sawa. Baada ya hapo tukakaa hivyo, simu zimeshikwa, hakuna aliyejua mkwe na mama mkwe wanaagana vipi kwa simu, maana hatukuwahi kufundishwa. Mteja wangu alikuwa ananyoosha shingo. Nikageukia rafu, nikamuuliza mama bamia zinaendeleaje.

Akaanza kunieleza, mstari kwa mstari.